Miaka Minne Bila Jibu

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ukiacha yale ya kawaida. Goti la Baba limekubali kukunjika tangu wampasue, ila mwenyewe ndiye hakubali. Anatembea kama askari wa gwaride na anagombana na kila anayemwambia apumzike. Ameniagiza nikuandikie kwamba dada yake amemsahau. Nikamwambia Shangazi humsahau mtu, humwekea tu kinyongo. Akacheka hadi akakohoa. Mjukuu wako ameanza darasa la kwanza, na tayari amemsahihisha mwalimu mara mbili mbele ya wenzake. Hatuulizani kayatoa wapi.

Barua yako ya Desemba ilifika. Herufi zako zimekuwa kubwa kama tangazo la duka, au umeniona mimi ndiye mtoto wa darasa la kwanza?

Sasa neno lenyewe. Chuo kinakitaka chumba cha Tusomeane, kikundi chetu cha kusoma miswada ya watu bure. Kile kile cha nyuma ya maabara ya mimea, chenye dirisha lisilofungika. Wanasema ni cha kuhifadhia viti. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Na hata kama wangetuachia, Shangazi, hali si ile uliyoiacha. Kwenye orodha tuna wasomaji themanini wa kujitolea, lakini wanaojibu ukiwatumia mswada hawafiki kumi na watano. Wengine hawasemi hata hapana. Wanakaa kimya, na mimi ndiye ninayepokea barua za kuuliza.

Kuna mfuko mmoja umejitokeza. Wako tayari kutubeba miaka mitatu: ofisi, mtambo wa kutunzia kazi, mshahara wa watu wawili. Wana masharti yao. Wanataka wasomaji wawe na shahada ya uzamivu, na tupokee kazi za maeneo wanayoyapa kipaumbele wao. Kamati inaelekea kukubali. Mimi nimewaambia siwezi kusema lolote kabla sijapata neno lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyeianzisha Tusomeane.

Nishauri, Shangazi. Nakusikiliza.

Mtoto wa kaka yako


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie baba yako kinyongo kinataka nguvu, na zangu nazitunza kwa mambo ya maana. Huku mvua ya juzi iliangusha ukuta wa choo cha jirani, basi choo changu kimekuwa cha umma. Huyo jirani ni fundi cherehani. Anakusalimu, na anakujua zaidi ya unavyodhani. Herufi kubwa ni kalamu mbaya, usinichimbe.

Umeniuliza, basi nisikilize. Hadithi hii umeisikia, isikie tena.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mhudumu wa wodi, anasoma huku anafanya kazi. Alipeleka tasnifu yake kwa msimamizi, ikakaa miezi kumi na minne. Alipokwenda kuiulizia aliikuta mezani imewekwa chini ya kikombe cha chai. Jalada lilikuwa na miduara minne ya kahawia. Akaniletea ile ile, na miduara yake, akaniambia, "Mwalimu, nataka tu mtu aniambie kama ni mbaya." Mimi nikaisoma upande wa mimea. Yule mkutubi tunayemwita Miwani akakagua marejeo yote, moja baada ya jingine. Mwalimu wa hesabu, Mungu amrehemu, akakagua majedwali. Wiki mbili tukamrudishia. Yule mtu alikaa kwenye ngazi za maktaba akasoma maoni yetu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuinua kichwa.

Siku ile tukakubaliana mambo matatu. Anayesomewa halipi. Anayesoma halipwi. Na hakuna anayetuandikia akaachwa bila jibu, hata kama jibu ni kwamba kazi yake mbovu. Hatukuulizana shahada. Miwani hana hata moja, na hakuna daktari pale chuoni ambaye hajaokolewa aibu na kalamu yake nyekundu.

Sasa niambie. Huo mfuko ukishachagua ni nani asome na nini kisomwe, ninyi mtakuwa mnafanya nini humo ofisini? Na mhudumu wa wodi wa leo akija na kazi isiyo ya kipaumbele, nani atamwambia kama ni mbaya? Nguo ya kuazima, mwanangu, haisitiri makalio.

Msitie saini. Chumba mnaweza kukosa, tulianza kwenye ngazi.

Shangazi yako


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Mitihani, halafu posta, halafu mtoto alipata tetekuwanga na akamgawia kila mtu hapa nyumbani isipokuwa Baba, ambaye anasema magonjwa yanamwogopa. Ameanza kutembea hadi barabarani na kurudi. Goti linalia kama bawaba, lakini linakwenda.

Nilisoma barua yako mara nyingi. Nikaipeleka kwenye kamati, nikaisomea kwa sauti. Walinyamaza vizuri, kwa heshima. Halafu mwenyekiti akasema, "Ni maneno mazito, lakini maneno hayalipii umeme." Wamekubali mkataba.

Tumeshahamia. Ofisi ina mlango wa kioo, na jina la Tusomeane limebandikwa juu yake kwa herufi za kijani. Kuna kochi ambalo hakuna aliyelikalia bado. Afisa wa mfuko huja kila Jumatatu. Ni mpole, ana adabu, na kila sentensi yake ina neno viashiria, kwa hiyo tunamwita Bwana Viashiria, na nadhani anajua. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mafanikio yenu mnayapimaje?"

Nikamwambia, "Mtu akishajibiwa."

"Akishajibiwa, halafu?"

"Halafu anaendelea na kazi yake."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Akasema, "Hiyo siwezi kuipeleka juu."

Lakini si mtu mbaya, na kuna mambo yatakwenda vizuri. Kazi zinazopokelewa zitajibiwa ndani ya siku ishirini na moja. Ahadi ya siku kamili hata enzi zenu haikuwahi kuwapo.

Suala la shahada nililipigania, likashindikana. Miwani amepumzishwa, kwa barua nzuri ya shukrani. Najua litakuuma. Nimepanga kwenda kumwona.

Mtoto wa kaka yako


7 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mpe pole mtoto.

Miwani alikuja. Alipanda basi siku nzima, na miguu yake unaijua. Alikuwa ameibeba ile barua yenu nzuri ya shukrani ndani ya mfuko wa nailoni, asije akailowesha. Hakulalamika. Aliiweka mezani, akasema, "Marejeo yako sawa, lakini kuna kosa kwenye tarehe."

Barua yake ni ya tarehe kumi na mbili Januari. Inasema anapumzishwa "kufuatia mkataba uliokwisha kusainiwa." Barua yako ya kuniomba ushauri ni ya tarehe nne Februari.

Mimi nilifundisha mimea, si hesabu, lakini hiyo naweza kuitoa. Uliniuliza kama mtu anayemuuliza marehemu angependa kuzikwa wapi, na kaburi limeshafukiwa. Halafu miezi miwili baadaye unanihadithia kamati ilivyonyamaza kwa heshima. Nani alinyamaza? Kamati ipi? Ulisoma barua yangu mbele ya watu au mbele ya kioo?

Ungeniambia, "Shangazi, nimesaini, nimechoka." Ningegombana nawe, yangeisha. Sasa najua kwamba mtoto niliyemfundisha kuandika jina lake anaweza kuniandikia kurasa mbili bila kutia neno la kweli isipokuwa goti la baba yake.

Miwani anakusalimu. Yeye ana moyo huo. Mimi sina.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Ni kweli. Nilisaini tarehe tisa Januari, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Nikakuandikia ili nipate baraka kwa jambo lililokwisha kufanyika, kwa sababu niliogopa. Kamati niliisomea barua yako, hilo ni kweli, ila walijua kama nilivyojua mimi kwamba haibadilishi kitu. Kwa hilo nimekosa, na nakuomba radhi.

Lakini na mimi ni zamu yangu kusema, na leo sitachagua maneno.

Ulistaafu kwa hotuba. Walikupa saa ya ukutani, ukalia, nasi tukalia. Ulinikabidhi Tusomeane mbele za watu ukasema, "Nakuachia moyo, usiuache upoe." Hukuniambia kwamba uliniachia na kabati. Lile la chuma, kwenye pembe, ambalo ulisema ufunguo umepotea na ndani hamna kitu ila magazeti ya zamani. Tulipokuwa tunahama fundi alikata kufuli. Miswada sitini na mitatu, Shangazi. Yote imeandikwa jina lako. Mingi bahasha haijachanwa. Ya zamani kabisa ina miaka sita, na ya mwisho ilifika juma lile lile la hotuba.

Sitini na watatu. Kila mmoja aliandika, akasubiri, akaandika tena. Ninyi mlikubaliana mambo matatu, na la tatu wewe uliliweka kabatini ukalifungia.

Kwa hiyo usiniambie habari ya nguo za kuazima. Mimi nilikuta moyo umeshapoa, nikatafuta wa kuulipia kuni. Bwana Viashiria anajibu watu wachache, wale anaowataka yeye, lakini anawajibu. Wewe uliwafungia wote.

Sikumwambia mtu. Niliwaambia ni magazeti ya zamani.

Mtoto wa kaka yako


2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sasa. Baba anauliza kila siku kama umeandika, nami namwambia posta. Ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Sikupaswa kusema vile nilivyosema. Lakini sikusema uongo, kwa hiyo sijui niombe radhi ya nini.

Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa matusi.

Mtoto wa kaka yako


15 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie baba yako posta haina kosa.

Barua yako ya Mei nilisomewa na fundi cherehani, pini zimejaa mdomoni. Alipofika pale uliposema nililifungia kabatini, alizitema pini kiganjani, akaniuliza, "Mama, niendelee?" Nikamwambia endelea, hiyo ni ya kwangu. Zote hunisomea yeye. Amekuwa akinisomea tangu nije huku. Sasa umejua anakujuaje.

Macho yangu yamekwenda. Lilianza la kushoto, kama mtu anafunga pazia taratibu kutoka pembeni. Ilikuwa miaka miwili kabla sijastaafu, pengine zaidi. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi. Naona mwanga, naona umbo la mtu mlangoni, naona herufi zangu mwenyewe nikiziandika kubwa kama tangazo la duka. Chapa ya mswada siioni.

Utasema, si ungesema? Miwani angenisomea kwa sauti. Wewe ulikuwa chumba cha pili. Nimejiuliza hilo hadi limechakaa. Mwanangu, mimi ndiye niliyekwenda kwenye mkutano wa idara na ile tasnifu yenye miduara ya chai, nikaiinua juu, nikamwaibisha yule msimamizi mbele ya wenzake. Alihama chuo. Nilijijenga jina juu ya mtu ambaye hakusoma. Ningesimama vipi niseme na mimi sisomi? Nikasema wiki ijayo nitapata nafuu. Bahasha zikaja, nikaweka. Zikaja nyingine. Ikafika mahali nikisikia hatua za mtu wa posta nafunga mlango kwa ndani.

Na ulipoandika kwamba wasomaji hawasemi hata hapana, nilikaa na sentensi ile siku nzima.

Kuna mmoja nataka umtafute. Huyo nilimfungua. Mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amehesabu watoto wenye meno ya kahawia na kupima maji ya visima saba. Nilitumia lenzi, nikasoma kurasa mbili kwa siku nne, na kurasa zile mbili zilikuwa nzuri. Nikamwandikia kadi: "Subiri, nakusoma." Aliandika tena. Nadhani mara tatu. Ni huyo ambaye sikumnyamazia tu. Nilimwambia asubiri.

Baba yako usimwambie habari ya macho. Atapanda basi na goti lake.

Shangazi yako


30 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Baba nimemwambia. Uniwie radhi, siri za ukoo huu zimenishinda. Akasema, "Ndiyo maana siku ya sherehe yake ya kustaafu aliniamkia mimi akidhani ni mzee wa kanisa." Akatoka nje. Amekutafutia daktari mwingine, ukikataa ugombane naye mwenyewe.

Nimeipata bahasha. Si barua tatu, ni nne, amezifunga pamoja kwa uzi. Ya kwanza inashukuru kwa kadi. Ya pili inaeleza kwamba amekwenda ofisi ya maji na daftari lake, wakamwambia hawawezi kufunga kisima kwa daftari la mwalimu, alete kazi iliyosomwa na wataalamu. Anaomba tufanye haraka kidogo, kama haitakuwa usumbufu. Ya tatu ni fupi. Ya nne ina mstari mmoja: "Kama ni mbaya, niambieni tu."

Niliipeleka kwa Bwana Viashiria Jumatatu iliyofuata. Akaishika vizuri, kwa mikono miwili.

"Mwandishi yuko chini ya taasisi gani?"

"Shule ya msingi."

"Shahada?"

"Cheti cha ualimu."

Akafunga jalada. "Inasikitisha, lakini maji hayamo kwenye vipaumbele vya awamu hii. Tukiiingiza, itaharibu uwiano wa ripoti."

Nikasema, "Nimeelewa." Ndivyo nilivyosema, Shangazi. Siku zote hizi nilikuwa na pa kukusuta, na mtu aliponifungia kabati mbele ya macho yangu yanayoona, nikasema nimeelewa.

Nikaenda nayo nyumbani, nikaisoma. Mimi ni mwalimu wa kemia. Siku mbili zilinitosha. Vifaa aliazima shule ya sekondari ya jirani, akapima kila mwezi kwa miaka mitatu. Watoto waliohamia kutoka upande mwingine aliwaweka kwenye jedwali lao peke yao, ili asije akachanganya. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo, aliwaza mwenyewe. Kisima cha karibu na shule ndicho chenye floridi ya kuharibu meno kuliko vyote, na ndicho wanachonywea wote. Kuna makosa kwenye majedwali mawili, ya kurekebishwa kwa kukaa chini asubuhi moja.

Siku mbili. Miaka minne iliyopita nilikuwa chumba cha pili, natafuta la kufanya.

Nimekutumia nakala. Miwani akusomee.

Mtoto wa kaka yako


11 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Daktari wa baba yako amesema yale yale ya daktari wa kwanza, ila kwenye ukumbi mzuri zaidi. Kaka yangu alinishika mkono njia nzima kana kwamba mimi ndiye mwenye goti. Tuligombana kidogo, ikawa vizuri.

Miwani alikuja akakaa siku tano. Alinisomea asubuhi na alasiri, na fundi cherehani akasimamisha mashine yake kusikiliza. Ukurasa wa ishirini na mbili fundi alisema, "Huyu mama anajua." Marejeo mawili yana mwaka usio sahihi. Maoni yangu nimemtamkia Miwani, kayaandika, ni kurasa sita. Kwa siku tano nilikuwa mtu niliyekuwa zamani. Sikuambii hili ili unifurahie. Nakuambia ili ujue ilikuwa rahisi kiasi gani.

Usitume kwa posta. Nenda mwenyewe, umpe mkononi: maoni yangu, yako na ya Miwani. Mwambie kazi si mbaya, mwambie ni nzuri, ni ya kuchapishwa. Akiuliza kwa nini tulichelewa, usimwambie habari ya macho yangu. Macho yangu ni msiba wangu, si jibu lake. Mwambie alituandikia na hatukumjibu.

Shangazi yako


3 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa tena. Safari hii sina la kusingizia.

Nianze na dogo. Mfuko umejitoa. Mwaka mmoja kati ya mitatu. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja: uongozi wao umebadilika, na awamu mpya ina mwelekeo mpya. Bwana Viashiria aliileta mwenyewe, na nilimwona hana raha. Na yeye amemaliza, hajui anakwenda wapi. Alikalia lile kochi kwa mara ya kwanza. Mwanasheria wa chuo ametuonyesha kifungu: jina Tusomeane liliandikishwa chini ya mkataba, kwa hiyo linabaki mikononi mwao. Hatuna ruhusa ya kulitumia. Saini iliyo chini ya kifungu hicho ni yangu. Niliwaandikia wasomaji wetu themanini kuwauliza nani yuko tayari tuanze upya bila jina na bila chumba. Wamejibu sita. Wawili kati yao wanauliza kama kutakuwa na posho.

Sasa mwalimu.

Nilifika shuleni saa nne, wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimejijengea picha ya mama mtu mzima, kumbe ni wa rika langu. Alikuwa anasahihisha madaftari darasani peke yake. Nilipotaja Tusomeane alifunika kalamu yake kwanza, ndipo akaniangalia.

"Wewe ndiye yule mama wa kadi?"

"Mimi ni mtoto wa kaka yake."

"Yeye amefariki?"

"Hapana."

"Aha," akasema. Hilo tu.

Nikafanya ulivyoniagiza. Nikamwambia alituandikia na hatukumjibu. Nikamwambia kazi ni nzuri, si mbaya hata kidogo. Nikamwekea kurasa mezani. Alizipitia zote bila haraka. Penye kalamu nyekundu ya Miwani alisimama, akasema, "Hapa ana haki, nilikosea mwaka." Aliyasoma yako pia, kurasa zote sita. Kengele ilipigwa, watoto wakaanza kurudi, akawapa hesabu za kufanya, akaniita barazani.

Akaniambia kwamba mwaka juzi walikuja watu na gari, watafiti, wakakaa siku tisa. Walisikia habari za daftari lake, wakaliomba. "Niliwapa. Ninyi mlikuwa mmeniambia nisubiri, wao walisema watanijibu." Na walimjibu kweli. Walimletea nakala ya jarida walipochapisha. Jina lake halimo. Kuna mahali wanashukuru "jamii ya eneo husika kwa ushirikiano."

"Na kisima?" nikamuuliza.

"Kilifungwa mwezi ule ule. Ofisi ya maji waliona jarida, hawakuuliza swali hata moja."

Sijui ni shetani gani aliyenituma. Nikasema, "Basi walau kisima kilifungwa."

Hakukasirika, na ningeomba angekasirika. Alitazama uwanjani, akamwita msichana mmoja aliyekuwa anachelewa kurudi darasani. "Njoo umwamkie mgeni." Yule mtoto akaja mbio, kisha akapunguza mwendo alipokaribia.

"Huyu yuko darasa la tano," mwalimu akaniambia. "Alianza la kwanza mwaka ilipokuja kadi yenu. Kisima kilifungwa akiwa la tatu. Kwao ndicho walichonywea, asubuhi na jioni."

Msichana akaniamkia vizuri, kwa adabu zote, kiganja chake kikiwa kimeufunika mdomo. Nikamwitikia. Mwalimu akamwambia aende darasani, naye akaenda bila kukishusha.

Kurasa zenu amebaki nazo. Hakusema atazifanyia nini, na sikumuuliza. Alinisindikiza hadi getini, akanishukuru kwa kufika, akarudi kwa wanafunzi wake.

Mtoto wa kaka yako